Matango Yaliyopinda

Mtaalamu wa minyoo alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono wa kulia na sahani ya kioo yenye maji ya udongo mkono wa kushoto, na rangi zake zilikaribiana mno. Mpelelezi alikuwa anaomba kimyakimya mama yule asije akakosea mkono.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Chumba kilikuwa chembamba, kina dirisha moja lililogoma kufunguka, na rafu zake zilijaa mifuko ya udongo iliyoandikwa kwa kalamu nene. Mifuko sita kati ya hiyo ilikuwa ya mpelelezi. Jana aliusimamia udongo huo ukichimbwa, akaufunga mwenyewe na kila mfuko akautia sahihi. Kituoni walimwita Mama Faili, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Kesi yenyewe mkuu wa kituo aliiona imekwisha kuiva, imebaki kupakuliwa. Jumatatu jioni fundi baiskeli mmoja alirudi nyumbani kutoka kazini, mkewe akamkatia matango manne na kuyatia chumvi, naye akayala yote kabla hajavua viatu. Haikupita saa moja akaanza kutokwa jasho na mate, mboni za macho zikasinyaa, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Kabla hajapatiwa kitanda hospitalini alikuwa ameshakata roho. Hospitali iliandika kwamba ni sumu ya kundi la dawa za mashambani.

Mke wa marehemu alikuwa mchumaji katika shamba la matango. Aproni yake ya kazi ilikutwa na punje za kijivu mfukoni, na maabara ya serikali ikasema punje hizo ni dawa ya kuulia minyoo ya mizizi, ileile inayotumika shambani kwao. Yeye hakuonja hata kipande kimoja cha tango. Binti yao wa miaka minne alipelekwa kwa bibi yake asubuhi ya siku hiyohiyo. Mama mkwe alipoyapanga hayo yote mbele ya mkuu wa kituo, hakubakisha la kuulizwa.

Saa tisa alasiri ya leo faili lilitakiwa liwe mezani kwa mwanasheria wa serikali. Likishafika huko ni kesi ya mauaji, haina dhamana, na kesi za namna hiyo huchukua miaka. Mtoto angekulia kwa bibi aliyekwisha kuapa kwamba binti huyo hatamtia mama yake machoni tena.

Mpelelezi alimhoji yule mwanamke Jumanne, saa mbili nzima. Alimuuliza kwa nini hakula. "Nayachuma kutwa nzima, afande," mwanamke alijibu. "Nikiyanusa nyumbani naona kama bado niko kazini." Mkuu wa kituo alicheka aliposomewa jibu hilo. Mpelelezi hakucheka, ila pia hakumwonea huruma. Tangu amzike mdogo wake miezi miwili iliyopita alikuwa hasikii kitu. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, alilala kwa sababu kitanda kipo, na kazini alifanya linalofuata baada ya lililotangulia. Ndugu zake walisema anajikaza. Hakuwa anajikaza, hakuwa na cha kukikaza.

Kilichomkera katika faili lile ni aproni tu. Mfukoni zilikutwa punje kumi na moja, na hizo ndizo zilizoandikwa kwenye ripoti kwa herufi nzito. Lakini yeye aliitandaza aproni mezani na kuikagua kwa kioo cha kukuzia, akaona punje nyingine kwenye pindo na mahali pa magoti, zimegandiana na tope kavu. Alihesabu arobaini na mbili. Mtu aliyeiba sumu akaificha mfukoni hana sababu ya kuipigia magoti. Ndipo jana alipokwenda shambani kuchukua udongo wa banda la plastiki alimochuma yule mwanamke. Wenye maabara ya serikali walimwambia kupima dawa kwenye udongo ni wiki mbili. Mtaalamu wa minyoo, ambaye ofisi yake ilikuwa nyuma ya jengo hilohilo na hakuna aliyekuwa akimtembelea, alimwambia minyoo wenyewe wanaweza kujibu kesho asubuhi.

"Nimeutandaza udongo wako juu ya karatasi laini, karatasi juu ya chujio, chujio ndani ya maji," alikuwa anaeleza sasa, akiweka sahani chini ya hadubini. Kikombe cha chai kilibaki salama. "Mnyoo aliye hai anaogelea, anapenya karatasi anashuka chini. Aliyekufa anabaki juu. Mimi nahesabu walioshuka. Huu ni wa mistari ya katikati ya banda. Tazama."

Mpelelezi aliinama. Aliona nyuzi nyeupe zisizo na mwisho wala mwanzo, zinajinyonganyonga.

"Mia nne na kumi na wawili katika kikombe kimoja cha udongo," mtaalamu alisema, kwa sauti ya mzazi anayetaja alama za mwanawe. "Si wachache, lakini mmea unavumilia. Sasa huu ni wa mistari mitatu ya ukutani."

Mpelelezi alitazama kwa muda mrefu kidogo.

"Sioni kitu."

"Hata mimi. Nimerudia mara tatu. Hayupo hata mmoja."

"Labda huko ukutani hawakuwahi kuwapo."

Mtaalamu alivuta trei iliyokuwa chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na mizizi miwili ya matango iliyokuja pamoja na udongo ule, imeoshwa vizuri. Wa katikati ya banda ulikuwa na vinundu vidogo hapa na pale. Wa ukutani ulikuwa umevimba wote, umejaa mafundo kama tangawizi. Alieleza kwamba mnyoo akishaingia ndani ya mzizi, mzizi huvimba kumzunguka, na uvimbe huo hauondoki hata mnyoo akifa. Kwa hiyo mizizi ya ukutani ilikuwa inasema minyoo walijazana pale kuliko mahali pengine popote, na maji yalikuwa yanasema hayupo hata mmoja.

"Shambani wanasema waliweka dawa mara moja tu, kabla ya kupanda. Miezi mitatu iliyopita," mpelelezi alisema.

"Basi wanakudanganya. Ingekuwa ni dawa ya wakati ule, vinundu hivi visingetokea kabisa, au minyoo wangekuwa wameshazaliana upya. Hapa vinundu vimetangulia, dawa imekuja baadaye. Wiki moja, mbili. Si zaidi."

"Na dawa hiyo inaingia kwenye tunda?"

Mtaalamu alikiweka kikombe mezani. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuonekana kufurahia kazi yake.

"Ndiyo maana inawekwa kabla ya kupanda, dada. Inayeyuka kwenye maji, mzizi unaivuta, inapanda juu. Mnyoo anayenyonya mzizi anakufa. Mmea haudhuriki. Lakini ukiiweka wakati mmea una matunda, inakwenda kwenye matunda."

"Tunda linabadilika? Rangi, ladha?"

"Halibadiliki chochote. Ukiliona utalipenda."

Mpelelezi alimwomba aandike yote hayo kwenye karatasi, kwa tarehe na sahihi, na amjazie chupa mbili ndogo za maji yale. Kisha akaenda shambani.

Meneja wa shamba alimpokea na karatasi nyingi kuliko alizoomba. Alikuwa mtu wa kuogopa sana mambo mawili, mnunuzi wake na harufu ya kashfa, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Alimwonyesha majibu ya vipimo vya matango. Mnunuzi alikuwa anapima kila wiki, na wiki ile pia alipima, na hakukuwa na hata chembe ya dawa. Alimwonyesha daftari la stoo, magunia ya dawa ya minyoo yaliyotolewa siku ya kupanda, na mifuko mitupu iliyorudishwa na kuhesabiwa. Hesabu ilikaa sawa. Stoo yenyewe ilikuwa na kufuli mbili na ndani yake hamkuwa na mfuko hata mmoja wa dawa ile. Mpelelezi alisoma kila karatasi mpaka mwisho, na kila karatasi ilimrudisha kwa mwanamke aliyekuwa mahabusu. Kama dawa haikuwa stoo na haikuwa kwenye matango, basi aliibeba mtu.

"Hayo matango yanayopimwa ni yapi?" aliuliza.

"Ya kwenye kreti. Yaliyo tayari kwa kusafirishwa."

"Yaliyonyooka."

"Mnunuzi hachukui yaliyopinda," meneja alisema. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa, kwamba tangu msimu huu uanze ameamuru yaliyopinda wapewe akina mama wachumaji. Zamani yalikuwa yanatupwa kwenye shimo la mboji, na yeye hakupenda kuona chakula kinaoza. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa sita, kila mama anachukua yaliyopinda ya mistari yake mwenyewe.

Mpelelezi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

"Mistari mitatu ya ukutani ilikuwa ya nani?"

Meneja alilazimika kufungua daftari jingine. Alipolipata jina alilisoma kimoyomoyo, kisha akamgeuzia mpelelezi daftari. Ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa mahabusu.

"Na sasa anaichuma nani?"

Walimkuta ndani ya banda la plastiki, mwanamke mrefu aliyefunga kanga kiunoni, amechutama kwenye mstari wa mwisho kabisa, karibu na ukuta wa matofali. Joto lilikuwa la kukaba koo. Mfuko wake ulikuwa umeshafika nusu. Mpelelezi alimwomba mfuko huo, na mama yule akauliza ameiba nini. Alisema amepewa, kila mtu amepewa, kama wanataka kuanza kumnyang'anya mtu hata hiki basi waanze na wengine. Ana watoto watano na jioni wanamtazama mikononi. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti wala kuacha kuchuma. Mpelelezi alimweleza mara mbili kwamba hajakosa kitu. Mwishowe akamuuliza kama matango ya huku ndivyo yalivyo siku zote.

"Huku ukutani hayanyooki," mama alisema. "Mizizi mibovu. Angalia lile la katikati, utadhani limepimwa kwa rula. La huku limejikunja. Lakini ladha ni ileile."

"Umeshakula?"

"Leo? Bado."

Mpelelezi aliyahesabu matango, akatoa kitabu chake cha stakabadhi, akaandika kwamba amepokea matango ishirini na mawili yaliyopinda, akasaini, akampa mama karatasi. Mama aliitazama karatasi, akamtazama meneja, kisha akaikunja na kuisokomeza kwenye pindo la kanga. Baadaye, watoto wakimuuliza jioni watakula nini, huenda angewaonyesha hiyo.

Pindo la gauni la mama yule lilikuwa na tope mpaka magotini, na ndani ya tope mlikuwa na punje za kijivu. Matango ya chini hayachumwi kwa kuinama, yanachumwa kwa kupiga magoti. Mpelelezi aliomba gauni hilo pia, na wakamtafutia mama dera la kubadilisha. Aliwaambia wamwoshe mikono na magoti kwa sabuni.

Mkuu wa dawa alikuwa anamngoja kwenye chumba cha pampu. Kwa kawaida saa hizi angekuwa ameshaondoka, leo mpelelezi alikuwa ameomba abaki. Watu wa dawa walianza kazi alfajiri na kuondoka saa tano, kwa lango lao, na wachumaji hawakukaa nao karibu kwa sababu ya harufu. Shamba zima lilimwita Daktari, kwa kuwa ndiye aliyeitibu mimea. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, msafi kupita kiasi, glavu zake zimefuliwa na kubanwa kwenye kamba kwa vibanio. Jana ndiye aliyeshika koleo wakati mpelelezi anachukua udongo, na alichimba vizuri.

Mpelelezi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaziweka zile chupa mbili juu ya pampu.

"Daftari lako linasema mistari yote ilipata dawa sawasawa, siku moja."

"Ndiyo, afande."

"Hii ni ya katikati. Ina minyoo mia nne na kumi na wawili. Hii ni ya ukutani. Haina hata mmoja."

Daktari aliinua chupa ya pili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Uso wake ulilegea kidogo, na mpelelezi, aliyehoji watu kwa miaka kumi na tisa, alitambua kwamba ile ilikuwa furaha.

"Hata mmoja?" Daktari aliuliza.

"Hata mmoja."

"Basi imefanya kazi." Kisha akasikia alichokisema, akairudisha chupa taratibu mahali pake.

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alisema kila mtu wa dawa ana akiba, atakayekataa ni mwongo. Aliyemfundisha kazi alimwambia karatasi ya dawa imeandikwa na mtu asiyelijua shamba lako, inataka kipimo kilekile kila shimo, na minyoo hawakai kila shimo. Punguza kidogo pale ambapo hawapo wengi, weka kando, baadaye utaona pa kuongeza. Miaka ishirini na mitatu amefanya hivyo na hakuna mmea uliomfia. Daftari likisema dawa yote imetumika siku ya kupanda, kwake lilikuwa linasema kweli, imetoka stoo na hairudi stoo. Alisogeza gunia lililokuwa nyuma ya pampu. Chini yake palikuwa na ndoo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na punje za kijivu, kama vibaba viwili. Mpelelezi alivaa glavu, akaifunga ndoo kwa utepe, akaandika saa.

"Ukutani uliweka lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Mimea ilikuwa na matango."

"Ilikuwa nayo."

"Siku za kusubiri kabla ya kuchuma unazijua."

"Sitini. Nazijua kuliko aliyeziandika." Daktari alisema hivyo bila majivuno. "Lakini ya ukutani yote yamepinda, afande. Hayapakiwi. Nilipiga hesabu. Mpaka mizizi ipone na tango linyooke, siku sitini zitakuwa zimeshapita. La kwanza kuingia kwenye kreti litakuwa safi."

"Na yaliyopinda yanakwenda wapi?"

"Shimoni."

"Uliyaona lini shimoni?"

Daktari alifikiri. Pampu ilikuwa inaunguruma, na maji yalikuwa yanapita kwenye bomba juu ya vichwa vyao kuelekea mabandani.

"Msimu uliopita," alisema.

"Msimu huu wanapewa wachumaji. Saa sita, wewe ukishaondoka. Hakuna aliyekwambia?"

"Nani wa kuniambia? Hao hawanisogelei." Alikaa chini, sakafuni, suruali yake safi ikagusa maji. Kisha akauliza, "Fundi alikula mangapi?"

"Manne."

Alitikisa kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa inapiga hesabu, na mpelelezi aliona ilipofika kwenye jibu.

Ilikuwa saa saba na robo. Bado palikuwa na jambo moja ambalo mpelelezi hakulielewa, na alijua mwanasheria wa serikali angelikuta kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na mabanda tisa, na minyoo hawakuwa ukutani tu.

"Kwa nini mistari ile mitatu?"

Daktari alikamua maji kwenye upindo wa suruali.

"Meneja alisema mistari isiyotoa kreti mbili kwa wiki itang'olewa baada ya miezi mitatu, na mwenye mistari aende nyumbani," alisema. "Yule dada alikuja hapa. Mlangoni hapo, kajiziba pua kwa mtandio. Ni wa kwanza kati yao kuja mpaka hapa. Akasema, kaka, nitibie mistari yangu. Nikamwambia ni hatari kidogo, imeshazaa. Akasema hajui mambo ya dawa, nifanye ninavyojua mwenyewe, ila asikose kazi, maana riziki ya fundi siku hizi haieleweki. Nikamwambia nitafanya kitu. Akanishukuru."

"Ulimwambia asiyale?"

"Nilidhani yanatupwa."

Mpelelezi aliandika yote, akamsomea, na Daktari akarekebisha mahali pamoja tu, kipimo cha gramu kwa kila shimo. Kisha akasaini. Aliuliza kama anaweza kufunga maji kwanza, maana mwenzake hajui kuifunga pampu ile. Mpelelezi alimruhusu, akasimama akimngoja, halafu wakatoka pamoja.

Saa nane na nusu faili lilikuwa mbele ya mkuu wa kituo, nene maradufu ya lilivyokuwa asubuhi. Mkuu alilisoma akiwa amenuna, kwa kuwa alikwisha kutoa ahadi kwa simu. Aliuliza kama hawa wawili hawakula njama, mwanamke anaomba dawa, mwanamume anaweka, mume anakufa. Swali lilikuwa halali na mpelelezi alilijibu. Asiyejua matango yake yatakwenda wapi hawezi kuyatumia kumuua mtu, na aliyejua yatakwenda wapi hakujua kimewekwa nini. Tena aliyewekewa dawa alipiga magoti ndani yake kila asubuhi kwa wiki nzima. Mkuu aliuma ncha ya kalamu, akaandika kwamba mwanamke aachiwe na Daktari ashtakiwe kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mahali alipokaa tangu Jumanne kuhakikisha haki haimpiti mlangoni. Mtoto alikuwa amemlalia mapajani. Mpelelezi alimwambia mkwewe anaachiwa, akamweleza kwa ufupi ni kwa nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alimrekebisha mtoto kola ya gauni, ambayo haikuwa na kasoro.

"Basi achukue mtoto wake," alisema. "Mimi nina msiba."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na kalenda ya mwaka jana. Mwanamke aliletwa, akakaa, akaweka mikono juu ya meza kama alivyofundishwa siku ya kwanza. Alikuwa na nguo zilezile za Jumatatu. Mpelelezi alimwambia ameachiwa. Alisubiri kuona uso ukibadilika, akaona haubadiliki, akaendelea na linalofuata, kwamba sumu ilikuwa ndani ya matango yenyewe, na punje za kwenye aproni zilitoka kwenye udongo.

"Nilisema mimi sikumwekea kitu," mwanamke alisema.

"Ulisema."

"Siku tatu nasema."

"Ndiyo."

"Sasa aliweka nani?"

Mpelelezi angeweza kusema kwamba hayo ni ya mahakama. Lakini maelezo ya Daktari yangesomwa mahakamani kwa sauti, mbele ya mama mkwe, mbele ya watu, na mwanamke huyu angekuwa amekaa katikati yao.

"Mtu wa dawa."

"Daktari?" Alikunja uso, akiwa bado anashangaa tu. "Daktari kwa nini aweke kwenye..."

Hakuimaliza. Mpelelezi aliona swali likirudi lilikotoka. Mikono iliyokuwa juu ya meza ilijivuta nyuma kidogo kidogo mpaka ikaanguka mapajani. Nje kulikuwa na mtu anagonga muhuri, karatasi baada ya karatasi.

"Nilimwambia afanye anavyojua," mwanamke alisema hatimaye.

"Hukujua ni dawa gani."

"Nilimwita kaka." Alisogeza kiti karibu na meza. Sauti yake ilikuwa tulivu, tulivu kuliko siku zote tatu alizokuwa anajitetea. "Afande, chukua kalamu. Andika upya. Andika ni mimi."

"Hilo si kosa la kuandikwa."

"Andika tu."

"Hakuna sheria ya hilo," mpelelezi alisema. Alijua ni kweli, na alijua haisaidii, na akasikia kitu kikimbana kifuani, mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Hakukifurahia. Alisimama akafungua mlango, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya.

Mtoto alikuwa ameshaamka. Alipomwona mama yake aliteleza kutoka kwenye mapaja ya bibi, akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. Mwanamke aliruka kutoka kwenye kiti, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono ameiinua juu, mbali na nguo zake.

"Mshike, afande," alisema. "Asiniguse. Sijanawa."

Mpelelezi alimdaka mtoto mlangoni. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na alipiga mateke kwa nguvu. Alimbeba hivyohivyo, kifuani, akashuka naye ukumbini akifungua mlango mmoja baada ya mwingine, akiuliza kila aliyemkuta kama ana sabuni.